Ruhusa Isiyorudishwa

Binti mmoja anayeandikia watu barua kwa kompyuta pale Nyamasaria aliniuliza juzi nilikuwa nafanya kazi gani kabla sijaanza kutembea-tembea hivi. Nikamwambia nilikuwa nafungua na kufunga. Akaangalia viatu vyangu, akasema, "Kumbe ulikuwa askari wa geti, Baba." Sikumsahihisha. Ukitazama vizuri hakukosea sana, ila geti langu halikuwa na chuma, na waliopita walipita wakiwa wameketi kwenye viti vyao.

Basi haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake, nyinyi mliokabidhiwa maneno ya siri ya ofisi nzima hata miaka ishirini na mitano hamjafika. Sitawafundisha kompyuta. Mnazijua kuliko mimi, na zile nilizozijua mimi siku hizi zimewekwa pembeni na kufunikwa kitambaa cha maua. Nataka kuwaambia habari ya ruhusa: nani aone nini, na mpaka lini. Hiyo "mpaka lini" ndiyo iliyonichosha. Sijafika hamsini, lakini nikikaa mahali pamoja zaidi ya miezi mitatu nyayo zinaanza kuniwasha, na nadhani zilianza kuwasha siku nitakayoieleza hapa.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na shati moja jeupe. Shirika lenyewe sitalitaja. Lilikuwa na ofisi za ghorofa mbili mjini Kisumu, na kazi yake ilikuwa masoko ya samaki na visima vya maji kando ya ziwa. Mimi nikapelekwa masjala. Masjala, kwa msiojua, ni chumba ambamo mafaili yote ya ofisi yanalala, na kila anayetaka faili, awe mkubwa au mdogo, lazima aje dirishani aombe. Tulikuwa na masjala mbili. Ya wazi ilikuwa na mambo ya visima, barabara na vyoo vya soko. Ya siri ilikuwa na mambo ya watu, nayo ilikuwa kabati mbili za chuma nyuma ya kiti cha Mzee Sudi.

Mzee Sudi ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mzaliwa wa Kaloleni, hapo hapo mjini. Baba yake alikuja na reli kutoka pwani na mama yake alikuwa mtu wa Kano. Kofia yake ya kushonwa kwa mkono haikuwahi kukaa upande, na Kiswahili chake kilitutia aibu sisi tuliokuwa tukisema "hiyo watu imekuja." Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Hakuhitaji.

Wiki yangu ya tatu alikuja mhandisi mmoja wa visima akaomba barua ya mkandarasi kuhusu bomba lililopasuka. Nikaenda rafuni, nikaona faili ni nene kama mkate, kuitafuta barua moja humo nikaona uvivu. Nikampa faili zima. Akaliegemeza pale dirishani akalisoma lote, na katikati yake akakuta barua ambayo mkuu wake alilalamika kwamba mhandisi huyo huyo hufika kazini saa nne asubuhi. Wale watu wawili hawakusalimiana mwaka mzima. Kwenye mikutano mmoja alikuwa anasema, "Mwambieni huyo," na mwenzake ameketi palepale anasikia.

Mzee Sudi aliniita. "Amekuomba nini?"

"Barua, Mzee."

"Nawe umempa nini?"

"Faili."

"Mtu amekuomba maji ya kunywa, wewe umempa ufunguo wa nyumba." Kisha akarudi kwenye chai yake. Hayo ndiyo yalikuwa maonyo yote. Afadhali angenipiga makofi.

Kila faili lililotoka liliacha nyuma yake kadi ya manjano, imesimama palepale faili lilipokuwa, na juu yake jina la aliyelichukua na tarehe. Saa kumi na nusu jioni Mzee Sudi alipita rafu kwa rafu, mkono ukigusa kila kitu kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia boma. Kila kadi ilikuwa mtu. Akishajua ni nani, alipanda ngazi hadi mezani kwa mtu huyo.

"Bwana Mhandisi, umemaliza?"

"Bado kidogo, Mzee."

"Basi kesho utaliomba tena." Na faili analitia kwapani.

Watu walinung'unika. Walimwita mzee wa mahari, kwamba haachi kudai. Lakini fikirini ile kazi ilikuwa na maana gani: kila jioni ruhusa za ofisi nzima zilikufa, na kila asubuhi mtu alianza upya kueleza kwa nini anataka kuona anachotaka kuona. Kuna mmoja alienda na faili nyumbani kwake Muhoroni, huko akashikwa na malaria. Mzee Sudi alipanda basi, na kutoka stendi akapata trekta la miwa likamfikisha hadi mlangoni kwa mgonjwa. Alirudi jioni na faili limefungwa ndani ya leso, na kipande cha muwa mkononi. Meneja akamuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Faili ni zima kabisa," akajibu Mzee Sudi.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa kazini. Kazi ikiisha, faili linarudi. Faili likirudi, ruhusa imekwisha. Sikuwahi kufikiri kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Yalikuwa kitu kimoja, kama kuvua viatu na kuwa pekupeku.

Katikati ya miaka ya tisini zikaja kompyuta. Mashine moja kubwa, tuliyoiita seva, iliwekwa kwenye chumba kilichokuwa cha kupikia chai, na nyingine zikaungwa kwake kwa nyaya. Mama wa chai akahamishiwa chini ya ngazi, na hakunisamehe mpaka naondoka. Mimi nikachaguliwa kuwa mtu wa seva kwa sababu nilikuwa mtu wa mafaili, na mkubwa mmoja alisema hivyo vitu ni ndugu. Tuliletewa mwalimu kutoka Nairobi, kijana aitwaye Kariuki, kwa siku tatu. Siku mbili kati ya hizo stima ilipotea. Hiyo iliyobaki alinifundisha jambo moja, na bado nasema ni jambo jema:

"Usimpe mtu ruhusa. Lipe kundi ruhusa. Mtu mweke kwenye kundi."

Maana yake ni hii. Badala ya kuandika kwamba Otieno aone folda ya visima, na Wanjala aone, na Fatuma aone, unatengeneza kundi unaliita VISIMA, unalifungulia folda mara moja tu, kisha unaingiza majina. Akija mtu mpya, unamwingiza kundini, basi, ameona yote wanayoona wenzake. Nililipenda jambo hilo. Nilichora makundi yangu kwenye karatasi ya manila nikayabandika ukutani: VISIMA, SOKO, BOHARI, KAMATI. Nikajiona kama chifu aliyegawa kata.

Makosa ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Ruhusa zenyewe zilikuwa za aina tatu: kusoma, kuandika na kufuta. Kundi la SOKO nililipa zote tatu, maana nani angefuta kazi yake mwenyewe? Baada ya wiki mbili ripoti ya ukaguzi wa masoko yote ya ziwa ikatoweka. Nikamfuata karani wa masoko.

"Ile? Mimi nilitupa yangu," akasema. "Nilishaisoma. Ilikuwa inajaza mashini."

"Hakuna yako, ndugu yangu. Ni moja tu, ya watu wote."

"Sasa kama ni ya watu wote, mbona iko kwa mashini yangu?"

Tuliiandika ripoti upya kwa siku nne, na tangu hapo ruhusa ya kufuta nilimpa mtu mmoja tu katika kila kundi. Nyinyi fanyeni hivyo hivyo. Na yule mmoja msimchague kwa cheo. Mchagueni yule ambaye hata risiti ya kiberiti anaitunza.

Mzee Sudi alikuwa anakaribia kustaafu wakati huo. Siku moja alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama majina kwenye kioo cha kompyuta.

"Na kadi iko wapi?"

"Hakuna kadi, Mzee. Kompyuta inajua nani yuko ndani."

"Inajua nani yuko ndani." Akagusa jina moja kwa kidole. "Je, inajua nani amemaliza?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa najua, lakini nilikuwa nimechoka kuulizwa maswali na watu wasiojua kutumia kipanya. Akaitikia kwa kichwa, mwisho wa mwezi tukamnunulia redio, akaenda zake Kaloleni.

Sasa niwaambie juu ya Boaz na Rael, ambao ndio sababu ya mimi kushika kalamu.

Boaz alikuwa karani wa bohari, mtu wa mabomba na misumari, mkarimu, mdomo haujui kufungwa. Lakini alipiga chapa haraka kuliko mtu yeyote pale ofisini. Katibu wa kamati ya watumishi alipokwenda likizo ya uzazi, kamati ikamwazima Boaz awaandikie mihutasari. Nikaingiza jina lake kwenye kundi la KAMATI. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Katibu aliporudi na picha za mtoto, Boaz akarudi kwa misumari yake. Tulikunywa chai pamoja karibu kila siku baada ya hapo, na hakuna hata siku moja iliyonijia kwamba jina lake bado limeketi kundini. Kichwani mwangu kazi yake ilikuwa imekwisha, kwa hiyo faili alisharudisha. Kumbe safari hii hapakuwa na faili la kurudisha, na hapakuwa na mtu wa kupita rafuni saa kumi na nusu. Mtu huyo alipaswa kuwa mimi.

Rael alikuwa opereta wa simu. Kama wazazi wenu walipiga simu kwetu miaka ile, waliisikia sauti yake: "Kisumu hapa, nikupe nani?" Alikuwa mjane wa Asembo, mwenye watoto watatu, anapanga chumba na sebule Nyamasaria, milango miwili kutoka kwa Boaz. Mimi nilimwita Nyar Asembo, binti wa Asembo, naye aliniita Ja-Seme, kwa sababu kwetu ni Seme. Tulielewana kwa jambo moja ambalo hatukuwahi kulisema. Yeye alisikia kila kitu kwenye zile nyaya za simu, mimi niliona kila kitu kwenye seva, na wote wawili tulikwenda nyumbani jioni midomo imefungwa. Kazi kama hizo zinamfanya mtu achoke mahali ambapo usingizi haufiki.

Ukaja mwaka wa kupunguza watu. Wengine wenu wazazi wenu walipunguzwa, mnajua nyumba inavyokuwa. Ikabandikwa karatasi ubaoni: kamati inaandaa orodha, itatoka Jumatatu. Anayetaka kuondoka kwa hiari aandike barua kabla ya Ijumaa saa sita mchana, naye ataondoka na haki zake zote na barua nzuri ya kumsifu. Atakayengoja aondolewe, ataondolewa tu. Wiki hiyo watu walianza kusalimiana kwa upole ambao haukuwa wa kawaida.

Jumanne Boaz alikuwa bohari, anatafuta kwenye mashine yake orodha ya mabomba. Akaiona folda ya KAMATI, imekaa hapo kama ilivyokaa siku zote. Akaifungua. Juu kabisa palikuwa na orodha ya majina, na jina la Rael lilikuwa la nne, pembeni limeandikwa: mashine mpya ya simu yaja. Boaz hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Mtu mbaya angenyamaza. Yeye jioni ile alipita kwa jirani yake akamwambia ajipange mapema, aandike barua, aondoke na heshima yake.

Jumatano asubuhi Rael akaja chumba cha seva. Alifunga mlango kwa mgongo.

"Ja-Seme."

"Nyar Asembo. Leo umeacha simu peke yake?"

"Imelala. Watu wanaogopa hata kupiga." Hakuketi. "Wewe unaona kila kitu kwa hii mashini yako."

"Naona majina ya folda tu."

"Usinichezee. Mimi nasikia mameneja wakilia kwa simu, na nakuchekea wewe hapa kila siku kama sijasikia kitu. Nataka kujua jambo moja. Niandike, ama nikae?"

Sasa hapo ndipo pa kusimama. Hakuniambia amesikia nini, wala kwa nani, hangemtaja Boaz. Na mimi sikuwa nimeiona ile orodha. Ningeweza. Ilikuwa safari ya nusu dakika kwa kipanya. Lakini kichwani mwangu nilimwona Mzee Sudi na kofia yake, nikaona kabati za chuma, na nikajisikia mtu wa maana sana.

"Mambo ya kamati siwezi kusema."

"Huwezi, ama hakuna ya kusema?"

"Siwezi kusema, Rael."

Nilikuwa nimemwita kwa jina lake, jambo nisilolifanya. "Haya," akasema. "Nimesikia."

Akaenda. Nami, Mungu anisamehe, nilijipongeza. Nilikunywa chai yangu nikijua kwamba nimeitunza siri ya ofisi mbele ya rafiki, na hicho ndicho kipimo cha karani.

Kama ningefungua ile folda ningekuta orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wiki iliyotangulia, rasimu tu, ile aliyoiona Boaz kwa sababu ilikaa juu. Chini yake palikuwa na ya pili, ya Jumatatu ya wiki ile, siku moja kabla Boaz hajachungulia, na ndani yake jina la Rael halikuwepo. Kamati ilikuwa imekubaliana kwamba mashine mpya ya simu bado itahitaji mtu anayewajua wapigaji. Boaz hakusoma ya pili. Mimi sikusoma hata moja.

Ijumaa saa tano na nusu Rael akapeleka barua yake. Aliandika mwenyewe, kwa mkono, na akanipitia mlangoni bila kugeuka.

Jumatatu orodha ikabandikwa. Watu walisukumana pale ubaoni kama wanaosubiri unga. Saa nne Boaz akaja kwangu.

"Ja-Seme, jina ya Rael haiko."

"Sasa si ni vizuri?"

"Lakini ilikuwa. Mimi niliona kwa macho yangu. Mimi ndiye nilimwambia aandike."

"Uliona wapi?"

"Kwa folda ya kamati."

"Wewe uliingiaje huko?"

Akanitazama kama mtu anayesikiliza mgonjwa wa homa. "Si wewe ulinipa?"

Nikafungua kundi. Jina lake lilikuwa hapo. Nikaanza kupitia makundi yote. Nilimkuta fundi aliyehamia Busia miaka miwili nyuma. Nilimkuta msichana wa mazoezi aliyekuwa nasi mwezi mmoja tu. Nilimkuta dereva wetu tuliyemzika Gem, marehemu, bado ana ruhusa ya kuandika kwenye folda ya magari. Nilimkuta hata Mzee Sudi. Wote walikuwa wamemaliza, na kompyuta haikujua, na mimi nilikuwa nimesema inajua.

Nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote, nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Barua ameisaini kwa mkono wake?"

"Ndiyo, bwana, lakini alikuwa amepata habari ya..."

"Ameisaini. Nafasi imeshafungwa, Nairobi wameshapelekewa." Akavua miwani. "Na hii habari ya makundi yako, ikitoka nje ya huu mlango, itaonekana ofisi haina siri. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilimwelewa kwa urahisi mno. Si ndiyo kazi niliyofunzwa? Nikamwacha Rael afungashe kikombe chake na mto wa kiti chake bila kumwambia neno. Alijua tu kwamba jina halikuwepo. Aliondoka Nyamasaria mwezi huo huo. Binti yake mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu shule ya mjini, akaenda kumalizia Asembo, kwenye shule ambayo mwalimu mmoja alifundisha masomo manne.

Baada ya hapo nikawa fundi mzuri wa ruhusa. Nawapa niliyojifunza, yachukueni. Nilinunua daftari. Kila aliyeingizwa kundini kwa muda niliandika jina lake, nani aliyemwombea, na siku ya kumtoa. Kila Ijumaa jioni nilipita makundi yote, jina kwa jina, nikijiuliza: huyu bado? Nilikwenda mezani kwa watu kuwauliza kama wamemaliza, nao wakaanza kuninung'unikia kama walivyomnung'unikia mzee. Nilijifunza kutomwingiza mtu kwenye kundi kubwa kwa ajili ya shida ndogo. Tengeneza kundi dogo la shida hiyo, kisha liue. Na rasimu haikai folda moja na kitu kilichokamilika. Mtu anayechungulia hasomi tarehe. Anasoma jina analolijua.

Jina la Rael lilikuwa kwenye kundi lake la watu wawili, la kitabu cha namba za simu. Ijumaa ya kwanza nilipaswa kulitoa. Nikaliruka. Ijumaa zote nililiruka. Nilipoiacha kazi ile, miaka miwili baadaye, kwa barua yangu mwenyewe ya hiari, lilikuwa bado lipo.

Tangu hapo sijakaa. Nimepanga mafaili ya wakulima wa miwa Muhoroni, nimefunga nyaya Homa Bay, nimekuwa karani wa hospitali ya misheni kwa msimu mmoja wa mvua. Kila ofisi ninayoingia nauliza nani alimaliza na bado yuko ndani, na kila mahali wananicheka, kisha tunafungua makundi, kisha hawacheki. Nilipitia sehemu zote za ziwa isipokuwa moja.

Mwaka huu nikaenda. Rael ana banda lake Asembo Bay, hatua chache kutoka mahali mitumbwi inaposhusha. Anakausha samaki kwa moshi kwenye tanuri la udongo alilolijenga mwenyewe. Nilifika asubuhi, jua bado pole. Amenenepa, na amejifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya moshi. Aliponiona hakushangaa hata kidogo.

"Ja-Seme. Umepotea njia?"

Nikamwambia nimekuja kusema jambo. Nikalisema lote nikiwa nimesimama, kama nilivyolisema kwa meneja: kundi la kamati, Boaz na mihutasari yake, jina nililosahau kulitoa, orodha ya kwanza na ya pili. Alikuwa anageuza samaki kwa vidole, mmoja mmoja, bila kuungua. Nilipomaliza akasema,

"Boaz aliniambia hiyo zamani. Alikuja hapa Krismasi ya kwanza, akalia kama mtoto. Nilimpa samaki, akaenda."

"Kwa hiyo ulijua ni mimi."

"Nilijua ni mashini. Hiyo ya kundi sina neno nayo. Mtu anasahau. Hata mimi nimewahi kuunganisha bosi kwa mke wa bosi mwingine." Aligeuza samaki mwingine. "Yangu na wewe ni ingine."

Akasukuma ukuni ndani ya tanuri.

"Mimi nilikuja kwako nikakuuliza niandike ama nikae. Sikuuliza kamati imesema nini."

"Niliogopa kutoa siri, Nyar Asembo."

"Siri ya nani? Ungesema tu, 'Usiharakishe, ngoja Jumatatu.' Hiyo iko kwa faili gani?" Sauti yake haikupanda. "Mama yako akiwa hospitali, nani alikuwa anakupigia huko kila asubuhi, kabla mameneja hawajapewa laini? Kuna mtu alinipa ruhusa?"

Hakuna aliyempa. Wiki sita alifanya hivyo, na sikumbuki kama niliwahi kuuliza simu zile zinaandikwa kwa jina la nani. Moshi ulikuwa unanijia usoni, nami sikusogea.

Alitoa samaki watatu waliokwisha kuiva, akawapanga kwenye sinia, akajifuta mikono.

"Umekula?"

"Bado."

"Kumbe ukiulizwa unaweza kujibu," akasema, na akanisukumia kigoda kwa mguu.